Maradhi ya Moyo Yaanzayo Kooni

Kuna maradhi ambayo jina lake lenyewe humpoteza mtu njia. Mzee akilalamika kwamba magoti yamuuma wakati wa masika, husemwa kwamba ana baridi yabisi, na kila mtu hufahamu kuwa baridi ndiyo iliyomwingia mifupani. Kisha daktari wa hospitali humtazama mtoto wa miaka tisa ambaye goti lake limevimba na pumzi zamwia fupi, naye hutaja jina lilo hilo, homa ya baridi yabisi. Mzazi akirudi nyumbani humnunulia mtoto sweta, humkataza kuoga maji ya baridi, na huamini kwamba ametimiza wajibu wake. Hali mtoto yule haumwi na baridi, wala maradhi yake si ya wazee. Yaliingia kooni wiki mbili au tatu kabla, yakaonekana kama yamekwisha, na sasa yashika moyo.

Wazazi wengi huuliza maswali mawili juu ya maradhi haya. La kwanza, yatoka wapi? La pili, ambalo ni gumu zaidi, kwa nini humshika mtoto huyu na kumwacha ndugu yake aliyelala naye kitanda kimoja? Somo letu la juma hili lajaribu kuyajibu yote mawili, kwa sababu mzazi asiyejua majibu yake huweza kufanya bidii nyingi mahali pasipo na faida, na kupuuza siku ile moja ambayo dawa ya bei ndogo ingalitosha.

Kijidudu cha kooni

Koo huuma kwa sababu nyingi. Mara nyingi huwa ni mafua tu: mtoto hupiga chafya, hukohoa, hutokwa na kamasi, na baada ya siku nne au tano yuko uwanjani anacheza mpira. Mafua ya namna hiyo hayaleti maradhi haya ya moyo. Lakini katika kila watoto kumi waumwao na koo, wawili au watatu hivi huwa wameshikwa na kijidudu cha namna nyingine, kiitwacho streptokoko. Ukikitazama kwa hadubini utakiona kimeshikamana na wenzake kama shanga zilizotungwa katika uzi. Jamaa zake ni wengi. Bibi mmoja mtaalamu wa Marekani, Rebecca Lancefield, aliyefanya kazi yake mjini New York, ndiye aliyewapanga kwa makundi mwaka 1933, na kundi alilolipa herufi A ndilo lituhusulo hapa. Ndani ya kundi hilo peke yake zimekwisha kujulikana aina zaidi ya 200. Msomaji aikumbuke hesabu hii, kwa kuwa ndiyo sababu mtoto aliyepona koo mwezi wa Machi aweza kuugua tena mwezi wa Juni: kinga aliyoipata kwa aina moja haimlindi na nyingine.

Kijidudu hiki husafiri kutoka koo hadi koo juu ya matone madogo ya mate, ambayo mtu huyatoa akikohoa, akicheka, au akizungumza karibu na uso wa mwenzake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, katika kambi ya askari wa anga iitwayo Francis E. Warren, jimbo la Wyoming huko Marekani, vijana walikuwa wakiugua koo kwa wingi mno. Waganga walitaka kujua kama ugonjwa waenezwa na mablanketi na vumbi la vyumba vya kulala. Wakawapa askari wazima mablanketi yaliyokwisha kutumiwa na wenye vijidudu. Watu wale hawakuugua kuliko wenzao. Vumbi nalo halikuwadhuru. Kilichodhuru ni ukaribu: kadiri kitanda kilivyokuwa karibu na kitanda cha mwenye vijidudu, ndivyo hatari ilivyozidi.

Basi mama asihangaike kuchemsha mablanketi yote ya nyumba kwa hofu ya maradhi haya, ijapokuwa usafi ni jambo jema siku zote. Afadhali atazame watoto wangapi wamelala katika mkeka mmoja, uso kwa uso, na dirisha limefungwa.

Askari wampigao mwenye nyumba

Jambo la ajabu katika maradhi haya ni kwamba kijidudu chenyewe hakiendi moyoni. Daktari akiupasua moyo wa mtu aliyekufa kwa maradhi haya na kutafuta streptokoko, hakioni. Je, moyo umeharibiwa na nani?

Umeharibiwa na kinga ya mwili wenyewe. Mwili una askari wake katika damu, na kazi yao ni kujifunza sura ya kila adui aingiaye ili wamtambue na kumwua. Mfano wake ni kama mji ulioingiliwa na wezi waliovaa kanzu zenye tarizi ya rangi fulani. Askari wa mji huambiwa, mkamateni kila avaaye tarizi hii. Wezi hukamatwa wote na kazi huisha. Lakini katika mji ule kuna wenyeji, watu wema, ambao tarizi za kanzu zao hufanana na zile za wezi. Na askari, kwa kuwa hawakuambiwa waache, huanza kuwapiga hao. Ndivyo ilivyo hapa. Gamba la nje la streptokoko limefanana na vitu vilivyomo katika nyama ya moyo na katika vilango vyake, na katika viungo vya mwili, na hata katika sehemu fulani ya ubongo. Askari wakiisha kumfukuza adui kooni hugeukia nyumba yao wenyewe.

Mafunzo ya askari hao huchukua muda, nao ndio ule muda wa wiki mbili au tatu baina ya koo na homa. Muda huo umewadanganya wengi. Mama akiulizwa hospitalini kama mtoto aliumwa na koo, husema hapana, maana ni jambo la mwezi uliopita nalo lilikwisha. Tena wagonjwa wengine, yapata theluthi moja, hawakumbuki kabisa kuumwa na koo.

Viungo huvimba na kuuma sana, lakini vikipona hupona kabisa bila kuacha alama. Moyo sivyo. Mganga wa Kifaransa Jean-Baptiste Bouillaud aliyaeleza mwaka 1836 mambo haya mawili kuwa ni ugonjwa mmoja, maumivu ya viungo na madhara ya moyo. Kabla yake watu wengi waliyatazama mbalimbali, na goti lilipopona walidhani mgonjwa amepona.

Moyo ni pampu yenye vyumba vinne, na njia za damu zina vilango vinne vifunguavyo upande mmoja tu, ili damu iende mbele isirudi nyuma. Kila pigo la moyo, vilango hivyo hufunguka na kufungwa. Kwa siku moja ni zaidi ya mara 80,000. Kilango kiumiacho zaidi ni kile kilicho baina ya vyumba viwili vya upande wa kushoto. Kikishambuliwa huvimba, kisha huponea kwa kovu, na kovu hukaza. Baadhi ya vilango hushikamana kingo zake vikawa tundu jembamba, damu ikapita kwa shida kama watu wengi katika mlango usiofunguka vizuri. Vingine husinyaa visiweze kufunga, na damu ikarudi ilikotoka. Kwa vyovyote moyo hulazimika kufanya kazi maradufu. Huvumilia kwa miaka mingi, na mtu hajui. Kisha siku moja kijana huona kwamba kilima alichokuwa akikipanda akiimba sasa chamtoa pumzi, usiku hawezi kulala chali, miguu yavimba. Wengine jambo la kwanza walijualo ni kiharusi, kwa sababu damu iliyosimama katika chumba cha moyo kilichotanuka huweza kuganda, na pande lake likapanda kichwani.

Shambulio moja huweza kuacha kovu dogo lisilo na madhara makubwa. Lakini kila koo lijalo baadaye huweza kuwaamsha askari wale wale, nao hupiga mahali pale pale. Kwa mtu ambaye moyo wake ulikwisha guswa, hatari ya homa kurudi akipata streptokoko kooni katika miaka ya kwanza hukadiriwa kufika nusu. Hapana jambo jingine lolote limwekalo mtu karibu na maradhi haya kuliko kuwa aliyapata hapo kwanza.

Kwa nini huyu na si yule?

Tumrudie sasa yule mtoto na ndugu yake. Katika kambi ile ile ya Wyoming waganga walifanya jaribio lililotangazwa mwaka 1950. Askari 804 waliougua koo waliachwa wapone wenyewe, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Wengine 798 walipigwa sindano za penisilini. Katika wale wa kwanza, 17 walipata homa ya baridi yabisi. Katika wale wa pili, wawili tu.

Watu husoma hesabu hizi kwa ajili ya sifa ya penisilini, na ni haki yake. Lakini zina somo la pili. Katika wale 804 ambao hawakupata dawa, 787 hawakushikwa na homa. Kijidudu kilikuwa kile kile, kambi ile ile, chakula kile kile. Kwa hiyo ni lazima liwepo jambo jingine ndani ya watu wenyewe limfanyalo mmoja awe mwepesi wa kushikwa na mwingine mgumu.

Sehemu ya jambo hilo hurithiwa. Wataalamu walikusanya mwaka 2011 habari zote walizoweza kuzipata za mapacha. Pacha mmoja wa wale wafananao kabisa akiwa na homa hii, mwenzake alikuwa nayo katika watu 44 kwa kila 100. Kwa mapacha wasiofanana hesabu ilikuwa 12 kwa kila 100. Hapo yaonekana wazi kwamba damu ya ukoo ina neno. Hata hivyo yaonekana pia kwamba si neno la mwisho. Maana lau ingalikuwa urithi peke yake, pacha afananaye na mwenzake kwa kila kitu angaliugua kila mara, na zaidi ya nusu hawakuugua. Basi si laana ya ukoo, wala si haki kumtaliki mke au kuvunja posa kwa sababu shangazi alikufa kwa moyo. Mzazi aliye na mtoto mmoja mwenye maradhi haya afanye jambo moja: awaangalie ndugu zake kwa jicho kali zaidi, na koo likiwauma awapeleke kwa daktari mapema.

Umri nao una kazi yake. Wanaoshikwa zaidi na homa ya kwanza ni watoto wa miaka mitano hadi kumi na mitano. Chini ya miaka mitatu ni nadra kuiona, na hudhaniwa ni kwa sababu askari wa mwili huhitaji kukutana na streptokoko mara kadhaa kabla hawajachanganyikiwa hivyo. Kwa maneno mengine, si koo moja liletalo msiba, bali koo baada ya koo, lisilotibiwa, katika miaka ile ambayo mtoto yuko darasani au bwenini pamoja na wenzake.

Hapa twafika penye kiini cha somo hili. Zamani waganga wengi wa Ulaya walioandika juu ya nchi za joto waliamini kwamba homa hii ni ya nchi za baridi na ukungu, na kwamba Mwafrika ameepukana nayo. Imani hiyo ilifuata jina, kama yule mzazi anunuaye sweta. Mwaka 1972 waganga wa Afrika Kusini walikwenda Soweto, kando ya Johannesburg, wakawasikiliza mioyo watoto wa shule 12,050. Walikuta karibu saba katika kila elfu wana madhara ya moyo yatokanayo na homa hii. Katika darasa la saba walikuta 19 katika kila elfu.

Na Ulaya je? Huko Denmark, mwaka 1862, wagonjwa wa homa hii walikuwa 200 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Mwaka 1962 walikuwa 11. Sehemu kubwa ya upungufu huo ilitokea kabla penisilini haijajulikana. Baridi ya Denmark haikupungua katika miaka hiyo mia moja, wala damu ya watu wake haikubadilika. Nyumba zao ndizo zilizobadilika. Watu waliokuwa wakilala wanane katika chumba kimoja walilala watatu, kisha wawili, chakula kikawa bora, zahanati zikakaribia. Leo maradhi haya yamekaa hasa katika nchi maskini, na hata katika nchi tajiri yamekaa kwa watu waishio katika msongamano: wenyeji wa asili wa Australia walioko mbali na miji, na Wamaori wa New Zealand. Mwenye kusema kwamba watu hao wana damu dhaifu kwanza ahesabu vitanda vyao.

Wataalamu wa Australia hushuku kwamba hata vidonda vya ngozi, vile vya upele uliokwaruzwa ukaingia uchafu, huweza kuwa mlango wa streptokoko aletaye homa hii. Jambo hilo bado lachunguzwa. Lakini upele huenea kwa njia ile ile ya kubanana kitandani, na kuutibu hakumpotezei mtu kitu.

Wanawake huonekana wenye maradhi haya ya moyo kuliko wanaume. Kati ya mwaka 2010 na 2012 waganga wa nchi 14, zikiwemo Kenya na Uganda, waliandikisha wagonjwa 3,343. Theluthi mbili walikuwa wanawake, na nusu ya wagonjwa wote hawakuzidi miaka 28. Kabla miaka miwili haijapita, wagonjwa 17 hivi katika kila 100 walikuwa wamekufa. Sababu ya wanawake kuzidi haijulikani yote. Wengine hutaja maumbile, na wengine husema kwamba mwanamke ndiye alalaye na watoto na kuwauguza, hivyo koo la kila mtoto humfikia.

Koo la kupelekwa hospitali

Mzazi atajuaje koo la mafua na koo la streptokoko? Kwa hakika kamili hawezi, na daktari mwenyewe mara nyingine huhitaji kuchukua ute wa koo kwa pamba na kuupima. Lakini ziko alama za kumwonya. Maumivu huanza kwa ghafula, pamoja na homa. Mtoto hawezi kumeza hata mate. Hakohoi wala hana kamasi. Ukimfunulia kinywa penye mwanga utaona mafindofindo yamekuwa mekundu na kuvimba, pengine yana madoa meupe ya usaha, na ukipapasa shingo chini ya taya utakuta tezi zinazouma. Mtoto wa umri wa shule mwenye alama hizi asingojwe apone. Maana atapona! Hilo ndilo la hatari. Atapona kwa siku tano bila dawa, kila mtu atasahau, na askari wake watakuwa wamekwisha anza mafunzo.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya kimio, ambacho wengine hukiita kilimi au kimeo. Mahali pengi katika nchi yetu na kwa jirani zetu, mtoto aumwaye na koo au akohoaye hupelekwa kwa mtu akatwe kimio. Watendao hivyo hawana nia mbaya. Waliwaona baba zao wakitenda. Lakini kijidudu hakiishi katika kimio peke yake, na kisu hakikiui. Mtoto huweza kutokwa na damu nyingi, au kupata pepopunda au maradhi mengine kwa kisu kisicho safi, na koo lake lenye streptokoko labaki na streptokoko. Siku tatu zilizopotea kwa mkata vimio zingaliweza kuwa siku za dawa.

Dawa yenyewe ni penisilini, ama sindano moja ya ile ikaayo mwilini muda mrefu, ama vidonge kwa siku kumi. Yajulikana kwamba hata dawa ikichelewa, mradi ianze kabla siku tisa hazijapita tangu koo kuanza kuuma, bado huzuia homa. Na ni jambo la kushukuru kwamba streptokoko ya kundi A, ambayo imepigwa kwa penisilini kwa zaidi ya miaka 80, haijajifunza kuishinda, ingawa vijidudu vingine vingi vimejifunza kuzishinda dawa zao. Ubaya uko kwetu. Siku ya tatu koo haliumi tena, na vidonge vilivyobaki hutiwa kabatini vikangoje mgonjwa mwingine. Siku kumi ni siku kumi. Mzazi ajuaye kwamba hataweza kuzitimiza na aombe sindano. Naye amwambie daktari kama mtoto aliwahi kudhuriwa na dawa hiyo, maana wako watu wachache ambao miili yao haiipokei.

Homa ikiisha kuingia

Kiungo kimoja huvimba, kikawa moto na kuuma hata mtoto hataki kiguswe na shuka. Baada ya siku mbili tatu chapona, na kingine chashikwa. Leo ni goti, kesho kutwa ni kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Maumivu yahamayo namna hii yasisuguliwe mafuta na kuachwa. Mtoto huwa na homa, hufifia, hachezi. Wengine moyo huenda mbio hata wakiwa wamelala.

Iko alama nyingine ambayo yaumiza zaidi kwa sababu haifahamiki. Mtoto, hasa msichana, huanza kutapatapa mikono na uso bila kutaka. Kikombe chamwanguka. Mwandiko wake uliokuwa mzuri waharibika. Hulia au hucheka bila sababu. Mwalimu huona utundu akamwadhibu, na nyumbani husemwa ni pepo. Mganga wa Kiingereza Thomas Sydenham alieleza hali hii mwaka 1686, na leo twajua ni askari wale wale, safari hii wakiwa wamefika katika ubongo. Huweza kutokea miezi kadhaa baada ya koo, wakati ambapo hapana alama nyingine. Hupungua yenyewe baada ya wiki au miezi, lakini mtoto huyo moyo wake lazima utazamwe. Walimu wanaosoma gazeti hili na wakumbuke jambo hili kabla hawajanyanyua fimbo.

Aliyepata homa hii mara moja hupewa sindano ya penisilini ikaayo muda mrefu, kila wiki tatu au nne, kwa miaka mingi: mara nyingi si chini ya miaka mitano, na kama moyo ulidhurika miaka kumi au zaidi, na wengine hadi umri wa miaka 40. Sindano hiyo yauma. Hapana haja ya kuficha. Mtoto hulia, na kijana asiyeona ugonjwa wowote mwilini huuliza kwa nini achomwe. Jibu liko Uganda. Waganga waliwapima moyo watoto zaidi ya 100,000 huko kaskazini, katika nchi ya Gulu, kwa mashine ya mawimbi ya sauti ionyeshayo vilango vikicheza. Waliwapata mamia ambao vilango vyao vilikuwa vimeanza kuharibika bila wao wala wazazi wao kujua. Nusu yao walipewa sindano kila mwezi na nusu hawakupewa, na majibu yakatolewa mwaka 2021. Baada ya miaka miwili, katika watoto 400 wasiochomwa, 33 hali zao zilizidi kuwa mbaya. Katika 399 waliochomwa, watatu.

Mashine hiyo imefunua mengi. Msumbiji, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2007, watoto 2,170 walisikilizwa kwa masikio ya daktari na chombo chake, wakaonekana watano wenye maradhi. Mashine iliwaonyesha 66. Kwa hiyo wale tuwajuao ni wachache katika wengi. Mkutano wa Shirika la Afya la Ulimwengu uliziomba serikali zote, mwezi wa Mei 2018, ziyape maradhi haya nafasi katika mipango yao. Chanjo bado haijapatikana, na zile aina 200 tulizozitaja ni moja ya sababu.

Iko saa moja ambayo moyo uliojificha hujitokeza, nayo ni saa ya uzazi. Damu ya mama mjamzito huongezeka karibu kwa nusu, na damu hiyo yote yapaswa kupita katika kile kilango kilichokaza. Msichana aliyekuwa akibeba maji bila taabu hujiona, katika mwezi wa sita au wa saba, hawezi kupumua. Jamaa husema mimba ndivyo zilivyo. Mwanamke aliyewahi kuwa na homa ya viungo utotoni amweleze daktari au mkunga mwanzoni mwa mimba, na bora zaidi kabla ya mimba, ili apimwe. Wengi hujifungua salama wakiangaliwa. Kilango kilichokaza huweza kupanuliwa, au kubadilishwa kwa upasuaji, lakini kazi hiyo hufanywa katika hospitali chache, kwa gharama kubwa, na wangojao ni wengi.

Kwa mtoto aliye katika sindano, kadi yake ndiyo mali yake. Ndani yake huandikwa tarehe ya sindano iliyopita na tarehe ya ijayo. Wengi hukosa wakati wa likizo: mtoto wa shule ya bweni huondoka mjini, huenda kwa nyanya yake mashambani, tarehe yapita akiwa huko na kadi imebaki sandukuni. Kadi isafiri pamoja naye. Zahanati ya huko ikionyeshwa kadi itajua la kufanya, na kama dawa haipo itaweza kumwelekeza penye dawa kabla wiki ya nne haijatimia.